Plastiki kama kuni: sumu huzaliwa moshi ukipoa

Wasomaji mmenibana kwa swali moja: ikiwa Ulaya taka hupasha joto hospitali, kwa nini jiko la shule au bekari isichome plastiki badala ya mkaa uliopanda bei?

Ni kweli hupasha. Mtambo wa Spittelau jijini Vienna ulijengwa kati ya 1969 na 1971 hasa kwa ajili ya kuipelekea joto hospitali kuu ya jiji. 

Lakini tazameni tanuri lenyewe. Umoja wa Ulaya unataka gesi zikae kwenye nyuzijoto 850 za Selsiasi kwa angalau sekunde mbili, na 1,100 taka hatari zikiwa na klorini nyingi. Hapo dayoksini, sumu kali ya moshi wa taka, huvunjika. Wengi hudhani kazi imekwisha. Bado! Moshi ukipoa na kupita kati ya nyuzi 450 na 200 hivi, masizi, klorini ya mabomba ya PVC na chembe za shaba za nyaya hukutana juu ya majivu yanayopeperuka, dayoksini ikaundwa upya. Shaba huchochea tu, haiishi, ndiyo maana punje chache zinatosha. Mitambo mizuri huupoza moshi upesi, ukavuka ukanda huo kabla sumu haijaundwa kwa wingi, kisha huuchuja. Jiko la shule halina uhakika wa 850, wala kichujio.

Kisha kuna uvumi. "Moshi mweupe hauna sumu." Uongo, dayoksini haionekani kwa macho. "Kunywa maziwa yatoe sumu." Hili linanikera kuliko yote: dayoksini hukaa kwenye mafuta, na zaidi ya asilimia 90 ya inayotufikia huja kwa chakula, hasa nyama, maziwa na samaki. Huchukua miaka 7 hadi 11 nusu yake kutoka mwilini. Anayewauzia chupa ya "kusafisha damu" kwa wiki moja, mwulizeni majibu ya maabara yako wapi.

Haya, ushauri: nyaya na PVC msichome kamwe, chupa wapeni wanunuzi wa chakavu, mkaa upunguzeni kwa jiko banifu. Majivu ya taka yawekwe mbali na kuku. Mwaka 2005 mayai ya kuku wa jirani na dampo la Dandora, Nairobi, yalipimwa yakakutwa na dayoksini kupita kikomo cha Umoja wa Ulaya.