Kabla ya kumwambia ajikaze

Wagonjwa wawili wanaweza kukaa benchi moja nje ya chumba cha fiziotherapia na malalamiko yanayofanana: virusi viliondoka miezi mingi iliyopita, vipimo havionyeshi kitu, lakini mwili haujarudi. Mmoja aliugua chikungunya. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya shati, wala kushuka ngazi bila kushika ukuta. Mwingine aliugua UVIKO-19 na hata hakulazwa. Siku akijitahidi kufua na kupiga deki, kesho yake au keshokutwa analala kitandani kama mtu aliyeanza kuugua upya. Ukiwapa wote wawili karatasi ileile ya mazoezi, wa kwanza huenda ukamsaidia sana. Wa pili unaweza kumrudisha nyuma kwa wiki kadhaa.

Tofauti yao haionekani kwa macho, na eksirei haiioneshi. Inajulikana kwa kuuliza. Wengi wetu tumezoea kumuuliza mgonjwa anajisikiaje akiwa anafanya kazi, ilhali swali lenye jibu ni hili: anajisikiaje kesho yake?

Nianze na chikungunya, maana huu ni ugonjwa wa kwetu. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza kati ya mwaka 1952 na 1953 kwenye nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Mwaka 2004 ulilipuka Lamu, na uchunguzi wa damu uliofanywa baadaye ulionesha kwamba takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa. Ukashuka Mombasa, mwaka uliofuata ukaingia Komoro na Réunion, na mwishoni mwa 2013 ukaanza kuenea visiwa vya Karibi na hatimaye Brazili. Unaenezwa na mbu wa Aedes, yule anayeuma mchana. Homa huisha mapema, ila maumivu ya viungo kwa baadhi ya watu huganda, na yakivuka miezi mitatu huhesabiwa kuwa sugu. Vifundo vya miguu, viganja, vidole na magoti ndivyo huteseka zaidi.

Kwa mgonjwa huyu mazoezi yana kazi ya kufanya. Kiungo kinachouma huachwa bila kutumika, kano zikakakamaa, misuli ikanyauka, goti likakosa cha kulishikilia, na maumivu yakazidi. Mzunguko huo unavunjwa kwa kusogea. Nchini Brazili watafiti wamewajaribisha wagonjwa mazoezi ya kuvuta mipira, na wengine Pilates, kwa wiki 12. Maumivu yao yalipungua na shughuli za kila siku zikawa nyepesi kuliko kwa wenzao wasiofanya. Mpira wenyewe si lazima ununuliwe dukani, tyubu chakavu ya baiskeli iliyokatwa vizuri inatosha.

Huwa nashauri kuanza kabla ya kutoka kitandani: zungusha vifundo vya miguu, kunja na kukunjua vidole. Kisha weka mikono kwenye maji ya uvuguvugu, fumba ngumi taratibu, gusisha kidole gumba na kila kidole kingine, kamua taulo. Mchana, nyanyuka kitini na kukaa tena mara tano bila kujisukuma kwa mikono, na idadi iongezwe kadiri magoti yanavyokubali. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi na yakatulia kufikia kesho yake asubuhi, endelea. Yakilala na kuamka nawe, punguza nusu. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto kipumzishwe na kukandwa kwa kitambaa chenye barafu, wala kisibebeshwe uzito mpaka kitulie.

Sasa yule wa pili. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali ya baada ya UVIKO-19, yaani UVIKO wa muda mrefu, kuwa ni dalili ambazo kwa kawaida zipo miezi 3 tangu mtu augue, zimedumu angalau miezi 2, na hazielezeki kwa ugonjwa mwingine. Chini ya mwavuli huo wamo watu wa aina nyingi. Ninaowahofia zaidi ni wale wanaozidiwa baada ya shughuli. Kuzidiwa kwenyewe huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 48, na huko ndiko hutupotosha sisi na wagonjwa wenyewe. Jumamosi mtu amekwenda harusini, amecheza kidogo, amewaambia shangazi zake amepona. Jumatatu hawezi kuinua sufuria, koo linamuuma, mwanga unamkera, maneno hayaji. Nani atakumbuka harusi? Na si jasho tu linaloleta hali hii. Kujaza fomu ndefu au kugombana na mwenye nyumba kunaweza kumlaza vilevile.

Mwaka 2024 watafiti wa Amsterdam walichapisha kazi ambayo, kwa maoni yangu, ilipaswa kuwanyamazisha wanaosema haya ni mawazo tu. Waliwachukua wagonjwa 25 wa UVIKO wa muda mrefu wenye tatizo hili pamoja na watu 21 wenye afya, wakawaendesha baiskeli ya maabara kwa dakika 10 hadi 15 mpaka nguvu zikaisha. Walitoa kipande kidogo cha msuli wa paja wiki moja kabla ya zoezi na kingine siku moja baada yake. Kwa wagonjwa, mitokondria, yaani zile sehemu za seli zinazotengeneza nishati, zilifanya kazi kwa udhaifu zaidi baada ya zoezi, na dalili za kuharibika kwa misuli ziliongezeka. Mtu aliyelegea kwa kukaa bure huumwa na misuli siku za mwanzo, kisha hupata nguvu. Hawa wanakwenda upande mwingine kabisa, na kuwahimiza waongeze bidii ni kuwaongezea jeraha.

Kumbe somo hili lilikuwepo kabla ya UVIKO. Ugonjwa wa uchovu sugu, unaoandikwa kwa kifupi ME/CFS, ambao mara nyingi huanza baada ya maambukizi, kwa miaka mingi ulitibiwa Uingereza kwa mazoezi ya kupandishwa daraja: wiki hii dakika kumi, wiki ijayo kumi na mbili, hata kama mgonjwa analalamika. Nguzo yake kubwa ilikuwa utafiti ulioitwa PACE, wenye washiriki 641, uliochapishwa mwaka 2011. Wagonjwa waliupinga, wakiuliza kwa nini vigezo vya kupona vilibadilishwa kabla matokeo hayajatoka. Mwaka 2016 mahakama maalumu ya Uingereza iliamuru data zitolewe, na zilipopigwa hesabu upya kwa vigezo vya awali, manufaa yalisinyaa sana. Watafiti wenyewe waliendelea kuitetea kazi yao. Hata hivyo, Oktoba 2021, baada ya mvutano uliochelewesha waraka kwa miezi miwili, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini humo, iliagiza wagonjwa wa ME/CFS wasipewe tena mazoezi ya kupandishwa kwa ratiba isiyobadilika. Miezi michache kabla yake, Juni 2021, shirikisho la wanafiziotherapia duniani, World Physiotherapy, lilikuwa limeonya kwamba mwenye UVIKO wa muda mrefu achunguzwe kama huzidiwa baada ya shughuli kabla hajapewa zoezi lolote. Inasikitisha kwamba onyo hilo bado halijafika kwenye vyumba vingi vya kliniki, sembuse kwa walimu wa jimu.

Kwa wagonjwa hawa njia ni kujipimia. Anayeishi kwa LUKU, umeme wa kulipia kabla, anaielewa bila kufundishwa: yuniti zikiwa chache, pasi na jiko la umeme havitumiki siku moja, wala hungoji giza liingie ndipo uanze kuhesabu. Kwa wiki mbili andika kwenye daftari ulichofanya na ulivyoamka siku mbili zilizofuata. Utaona kiwango ambacho ukikivuka unalala. Baki chini yake. Kazi ya saa moja igawe vipande vya dakika kumi, katikati upumzike umelala, simu ukiwa umeiweka mbali. Acha kabla hujachoka. Wapo wataalamu wanaoshauri mapigo ya moyo yasipande zaidi ya 15 kwa dakika juu ya yale ya kupumzika. Ushahidi wa namba hiyo si mzito, ila humpa mgonjwa breki ya kushika.

Kinachowashinda wengi ni siku nzuri. Mtu akiamka mwepesi anataka kulipa madeni ya wiki nzima kabla ya adhuhuri, na majirani wanamshangilia, kwa kuwa sisi ni watu wa kusifu kujikaza, tena kisabuni. Siku hiyo ndiyo ya kujizuia kuliko zote. Dalili zikitulia kwa wiki kadhaa, hapo ongeza jambo moja dogo, usubiri siku tatu, na uwe tayari kulipunguza.

Kuna wengine ambao shida yao ni kusimama. Lala dakika tano, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima, kisha simama karibu na ukuta kwa dakika kumi ukiyahesabu, na mtu awe nawe. Kwa mtu mzima, ongezeko la 30 au zaidi linalodumu ni habari ya kumpelekea daktari, kwa kijana wa miaka 12 hadi 19 ni 40. Wengi wao huanza mazoezi wakiwa wamelala chali au wameketi. Maji mengi na chumvi huwasaidia baadhi yao, lakini chumvi isiongezwe bila daktari kujua presha ya mgonjwa.

Waliolazwa kwa nimonia kali, hasa waliotoka ICU misuli ikiwa imekwisha, ndio ambao utengamao wa kawaida huwafaa. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia watu 585 waliowahi kulazwa kwa UVIKO, na programu ya wiki nane ya mazoezi na msaada wa kisaikolojia kwa njia ya mtandao iliwaboreshea maisha kiasi. Nao pia waulizwe lile swali la kesho yake.

Na kabla ya kuvilaumu virusi vilivyokwisha, pima vinavyotibika. Kwetu uchovu wa miezi mingi unaweza kuwa kifua kikuu, upungufu wa damu, kisukari, hitilafu ya tezi ya shingo au VVU. Maumivu ya kifua, kuzimia, au moyo kuruka mapigo wakati wa zoezi humaanisha simama hapo hapo, nenda hospitali, kwa kuwa virusi huweza kuacha uvimbe kwenye msuli wa moyo, na kuufanyisha kazi ngumu wakati huo ni hatari. Oksijeni inayopimwa kidoleni ikishuka kwa asilimia 3 au zaidi ukijishughulisha, nayo ichunguzwe.

Yote haya hukwama nyumbani. Mama anayeuza chapati hawezi kupumzika kila nusu saa kwa agizo la kliniki. Anaweza kusukuma akiwa ameketi, kukanda unga usiku na kuchoma asubuhi, au kupunguza idadi kwa mwezi mmoja, ikiwa wa nyumbani mwake wameelewa kwamba hajifanyi. Ndiyo maana mgonjwa wa aina hii namwomba aje na mtu anayeishi naye. Tunaweka karatasi mezani na kugawa: nani anachota maji, nani anawapeleka watoto shule, na kazi gani mwezi huu haitafanywa na yeyote.