Akitema Boga Leo, Mwonjeshe Tena Kesho

Watoto wa Voi wakitoka shule, wengine huwa na ndimi nyekundu. Ni mabuyu: mbegu za mbuyu zilizopikwa kwa sukari na rangi. Ubuyu wenyewe, ule unga mchachu ulioshika mbegu ndani ya tunda, ni mweupe na umejaa vitamini C. Wekundu umetiwa jikoni. Mtoto huyo huyo, mama akimletea kijiko cha boga, hugeuza uso. Rangi haimtishi hata kidogo. Kinachomkwaza ni ladha asiyoizoea, na ladha hufunzwa.

Mtoto huzaliwa akipenda utamu na kukwepa uchungu. Porini uchungu mara nyingi ni dalili ya sumu, na kiumbe anayeanza kutembea na kuokota vitu huhitaji kinga. Ndiyo sababu aliyekuwa akila kila kitu akiwa na miezi minane huanza kuchagua akifika miaka miwili, akautema mnavu na kung'ang'ania ugali mtupu na chai. Huo si ukaidi, na mama asilaumiwe.

Mwaka 1982 watafiti wa Marekani, Leann Birch na Diane Marlin, waliwaonjesha watoto wa miaka miwili vyakula vigeni, vingine mara mbili tu, vingine hadi mara 20. Kadiri chakula kilivyoonjwa, ndivyo kilivyopendwa. Tafiti za baadaye zinataja mara 8 hadi 15. Wazazi wengi hukata tamaa mapema zaidi, wakasema, "Huyu hapendi mboga." Tena somo huanza tumboni: mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake walionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikunywa maji ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha walikunja uso mara chache zaidi kuliko wengine walipopewa uji wenye ladha ya karoti.

Lakini ni nani katika Sagalla ya chini au Kasigau, mvua ikikosa na ndovu wa Tsavo wakiingia shambani, atakayemwaga chakula mara 15? Hakuna haja. Onjo moja ni kipande kama punje ya harage, kilichotolewa kwenye chungu cha wote, kikawekwa kando ya chakula anachokipenda. Mzazi ale kwanza, mtoto akiona. Akitema, nyamaza, usimfinye, wala usimwahidi biskuti, kwa maana zawadi humfundisha kuwa mboga ni adhabu inayolipwa.

Wadawida, yaani Wataita, wana chombo kizuri cha kazi hii: kimanga. Muhogo, viazi au ndizi hupondwa pamoja na maharagwe hadi vishikane. Ongeza boga au kiazi lishe, yaani kiazi kitamu cha rangi ya chungwa, na kimanga chote hugeuka rangi hiyo, laini, chenye utamu ambao ulimi wa mtoto unautafuta. Rangi ile ya chungwa ndiyo karotini yenyewe, na mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayomwezesha mtoto kuona kwenye mwanga hafifu na kupambana na maradhi. Kiazi lishe cha gramu 125 hivi chatosha mahitaji ya siku ya vitamini A kwa mtoto mdogo. Kiazi cheupe hakina karotini ya maana. Kwa kueneza viazi hivi Afrika, Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Mchicha pia una karotini, ila kijani cha majani huificha. Na kwa kuwa karotini huyeyuka katika mafuta, kijiko cha mafuta au tui la nazi si anasa. Bila hayo sehemu kubwa hupotea bure.

Mboga za Wundanyi na Werugha huteremka kwa malori kwenda Mombasa, na nyanya na ndizi za Taveta husafiri mbali. Ningependa kuona sehemu ya mazao hayo ikibaki katika shule za chekechea, ambazo kwa katiba ya Kenya ziko mikononi mwa kaunti. Watoto huigana kuliko wanavyowasikiliza wakubwa: mmoja akila karoti kwa hamu, jirani yake kwenye benchi hunyoosha mkono. Mwalimu hahitaji hotuba hapo. Anahitaji sahani moja ya pamoja, vipande vidogo, na ruhusa ya mtoto kukataa leo akaonja wiki ijayo.