Simu inakukumbusha, sawa. Lakini nani anakuuliza?



Januari 2019 nilikaa chini nikatengeneza jedwali la Excel la malengo yangu ya mwaka. Jamani, lilikuwa zuri! Kijani kwa nilichotimiza, nyekundu kwa nilichochelewa. Lengo kubwa lilikuwa moja tu: kupaua boma langu la nyumba kule Handeni. Mimi nina kibanda cha kutengeneza simu hapa Korogwe, na kodi ya chumba kila mwezi inaniuma.

Kufika Machi nilikuwa nimeacha hata kulifungua lile faili. Mwezi wa kumi zikaja zile mvua kubwa zilizoleta mafuriko Handeni na Korogwe, ukuta mmoja wa boma ukalala chini. Tofali za udongo, juu hakuna bati, ulitegemea nini?

Leo boma lile lina bati. Jedwali nililotumia mara ya pili halikuwa na rangi hata moja. Naona wadau wengi mnaweka malengo kila Januari na kuyasahau kabla ya masika, kwa hiyo naomba nieleze kilichobadilika.

JEDWALI LENYEWE

Excel, Google Sheets na nyingine za aina hiyo kwa Kiswahili zinaitwa lahajedwali. Ya kwanza ya kompyuta ndogo, VisiCalc, ilitoka mwaka 1979. Maajabu yake yalikuwa kwamba ukibadilisha namba moja, hesabu zote zinazoitegemea zinabadilika zenyewe. Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili, lahajedwali ikiwemo.

Kwa lengo la mtu binafsi safu tano zinatosha: A ni tarehe, B ni kiasi nilichopanga, C ni nilichoweka kweli, D ni tofauti, E ni siku zilizobaki. Kwenye D2 andika =C2-B2, kwenye E2 andika =A2-TODAY(), halafu ziburute fomula hizo kwenda chini. E ikionyesha namba yenye alama ya kutoa, ujue tarehe imekupita. Ikikuletea tarehe badala ya namba usishtuke, badilisha aina ya kisanduku iwe namba ya kawaida.

Sasa kosa langu la kwanza. Mwaka 2019 nilitaka 1,800,000 nikagawa kwa miezi 12, nikapata 150,000 kila mwezi. Hesabu ni sahihi, ila ni ya mtu mwenye mshahara! Huku kwetu hela ya maana inakuja na mahindi. Ya masika tunavuna Julai na Agosti, ya vuli Januari na Februari. Miezi mingine ni ya kubahatisha. Jedwali lenye 150,000 kila mwezi lilikuwa jekundu tangu siku ya kwanza, na mtu akiona nyekundu kila siku anaacha kuangalia.

Julai 2021 nilipanga upya: Agosti 1,000,000 ya mahindi ya masika, Februari 500,000 ya vuli, na 25,000 kila mwezi kutoka kibandani, ambayo kwa mwaka ni 300,000. Jumla ni ile ile 1,800,000. Mistari 14 tu, na chini yake =SUM(C2:C15). Nikaichapisha steshenari, nikaibandika ukutani.

KIKUMBUSHO

Hapa ndipo wengi tunadanganyika. Lahajedwali haipigi kelele. Ile TODAY() inajihesabu upya pale unapofungua faili. Usipofungua, mwezi unapita faili likiwa limelala fofofo. Kuna namna ya kuandika programu ndogo ndani ya Google Sheets ikakutumia barua pepe yenyewe kila asubuhi. Inafanya kazi, lakini tuulizane ukweli, wangapi Mkata au Mombo tunafungua barua pepe kila asubuhi?

Kwa hiyo zile tarehe 14 zihamishie kwenye kalenda ya simu, uwashe kengele. Hata vitochi vingi vina kalenda yenye kikumbusho. Mambo matatu ya kuangalia:

1. Saa. Simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Saa 2 usiku yetu ni 20:00. Ukiandika 2:00 itakuamsha saa 8 usiku, na kesho yake utaizima moja kwa moja. Wateja wangu wawili wameleta simu wakisema ni mbovu, kumbe ni hilo tu!

2. Maneno. Usiandike "weka akiba". Andika kitendo, kiasi na mahali: "Tuma 25,000 kwa dada kabla sijafunga kibanda." Kikumbusho kinachokulazimisha kufikiri kwanza ni rahisi kukiahirisha.

3. Siku. Kilie siku hela inapokuwa mkononi. Cha mahindi kiweke siku ya kuuza. Kikilia wiki mbili baadaye, hela imeshapitia harusini, msibani na dukani kwa Mangi.

NANI ANAKUULIZA?

Mwaka 2019 kengele pia niliweka. Ililia nikaizima, ililia nikaizima. Mwishowe kidole kilikuwa kinaizima chenyewe bila kuniuliza.

Baadaye nilisoma utafiti mmoja uliofanyika hapa hapa Tanzania, ukachapishwa mwaka 2012. Wahudumu wa afya ya jamii 87 wa Dar es Salaam walikuwa wanatumiwa ujumbe wa simu kukumbushwa kutembelea kaya zao. Mhudumu akiendelea kuchelewa siku kadhaa, ujumbe unakwenda kwa msimamizi wake. Wastani wa ucheleweshaji ulishuka kutoka siku 9.7 hadi 1.4. Na kesi zilizofika kwa msimamizi zilikuwa chache tu! Halafu watafiti wakaiondoa ile hatua ya msimamizi wakabakiza ujumbe peke yake. Utendaji ukashuka tena.

Mnaona hapo? Simu ni zile zile, watu ni wale wale. Kilichoondolewa ni kujua kwamba kuna mtu ataona. Msimamizi alikuwa hahitaji hata kufoka, kuwepo kwake kulitosha.

Akina mama wa VICOBA wanalijua hili bila kompyuta. Vikundi vya namna hii, ambavyo shirika la CARE lilianza kuvijenga Niger mwaka 1991, vinakutana kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mkutano wenyewe ndio kengele. Usipoleta hisa yako unatazamwa usoni na watu wanaokujua kwa jina, kwa ukoo na kwa madeni.

Basi na mimi nikatafuta msimamizi. Mdogo wangu wa kike anakaa Mkata. Nilimpa nakala ya jedwali na kumwomba awe ndiye anayejaza safu C. Mimi natuma hela kwa simu, yeye anaandika na kuitunza. Wenye simu za kupangusa mnaweza kumwalika mtu kwenye tukio la kalenda ya Google, akaliona kwenye kalenda yake pia. Yeye hakuhitaji hayo. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ikipita saa 3 usiku, meseji inaingia: "Shikamoo kaka. Ya mwezi huu iko wapi?" Jamani, kengele ya simu unaweza kuizima. Shikamoo ya mdogo wako unaizimaje?

Tahadhari moja kuhusu kumchagua mtu huyo. Asiwe unayemdai wala anayekudai. Asiwe wa kukuonea huruma kila mara, wala wa kukutangaza kijiweni ukikwama. Na kama ndiye anayeshika hela, nakala ya jedwali ibaki kwenu wote wawili, ili wewe nawe uweze kumuuliza yeye. Udugu ni udugu, hesabu ni hesabu.

Nisiwadanganye kwamba lilitimia lote. Vuli ya 2021 mvua zilisuasua, na Februari badala ya 500,000 niliweka 200,000 tu. Mwisho wa Juni 2022 nilikuwa na 1,500,000. Pengo la 300,000. Tofauti na 2019, pengo hilo niliambiwa na safu D mwezi Februari ule ule, kukiwa bado na muda. Nikaamua kabisa kwamba mahindi ya masika yanayokuja ndiyo yazibe, na fundi nikamweleza mapema asije akapanga kazi yangu Julai. Septemba 2022 tukapaua. Ukuta ulioanguka nilikuwa nimeujenga upya kabla, na gharama yake ndiyo ada niliyolipa kwa somo hili.

Sasa basi, wewe uliye Handeni, Korogwe au popote, usianze na rangi. Andika tarehe ambazo hela inakuja kweli, hamishia kengele kwenye simu, halafu kabla ya kulala leo mtumie mtu mmoja hizo tarehe na umwombe akuulize. Kama hatua hiyo ya mwisho inakutia aibu, hiyo aibu ndiyo itakayokusaidia.

Nyie wenzangu mnatumia njia gani? Na nani anawauliza? Tuambizane hapo chini kwenye maoni, hasa mnaolima, maana haya majedwali ya mwisho wa mwezi hayakutengenezwa kwa ajili yetu.

Kwa leo niishie hapa.