Neno "Mshipa" na Sindano Iongozwayo kwa Mwangwi

Katika Nguvumali, mjini Tanga, kama katika pwani nzima, neno mshipa limebeba mzigo mkubwa. Njia ya damu itokayo moyoni ni mshipa. Njia ya damu irudiyo moyoni ni mshipa. Uzi wa fahamu ni mshipa. Na ngiri au busha huitwa mshipa vile vile. Katika mazungumzo ya kila siku hapana hasara, maana muktadha huonyesha maana itakiwayo. Lakini kando ya kitanda cha mgonjwa mahututi, tofauti hizo ni jambo la uhai na mauti.

Mtu akipungukiwa sana na damu, mishipa ya mikono yake hunywea, na huenda tabibu akalazimika kutafuta mshipa mkubwa wa shingoni. Hapo vena na ateri hukaribiana mno. Zamani tabibu aliongozwa na macho na vidole tu. Na sindano ikitoboa ateri, damu huweza kuvuja hata uvimbe ukabana njia ya pumzi.

Mashine ya ultrasaundi, ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow walieleza matumizi yake katika uchunguzi wa tumbo mwaka 1958, leo huiongoza sindano hiyo. Hupeleka mwilini mawimbi ya sauti yasiyosikika, yaendayo kadiri ya meta 1,540 kwa sekunde. Mwangwi wake hugeuzwa kuwa picha, na damu huonekana nyeusi. Tabibu akikandamiza kidogo, vena hubonyea. Ateri hukaidi, ikaendelea kupwita. Kisha huifuata kwa macho ncha ya sindano mpaka iingie panapotakiwa.

Idara ya tiba ya dharura ilipofunguliwa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2010, fani hiyo ilipata makao nchini, na haja ya maneno yake ikazidi. Vena na ateri yanafaa vitabuni. Lakini mgonjwa wa Nguvumali, ambaye ridhaa yake yatakiwa kabla ya kuchomwa, aambiwapo habari ya mshipa huenda akafikiri ngiri. Kwake yeye, "mshipa wa damu ubonyeao" na "mshipa wa damu upwitao" ni maelezo yaliyo wazi zaidi. Alama zile zile zinazomwongoza tabibu katika picha zaweza kumwongoza msemaji katika lugha, pasipo kulifukuza neno la wazee.