Nyoka hatapiki pesa, na rafiki yangu si mchawi

Wacha nianze na swali. Ukisikia jirani yako anafuga nyoka, ni nini kinakuja akilini kwanza? Usinidanganye. Ni uchawi. Cha pili ni pesa: lazima hilo joka linamtapikia noti usiku wa manane, ndiyo maana kodi yake haichelewi.

Hivyo ndivyo rafiki yangu alivyofukuzwa kwenye ploti yetu pale Umoja mwaka jana. Na jamaa hakuwa na nyoka yeyote kejani. Alikuwa na godoro, meko ya gesi na viatu vitatu.

Tulijuana chuoni. Mimi niliachia njiani mwaka wa pili karo iliponilemea. Yeye akamaliza, akaajiriwa katika kituo cha nyoka chenye kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kazi yenyewe ni kusafisha vizimba, kubadilisha maji na kulisha chatu panya. Siku moja alipiga picha chatu akiwa shingoni, akaiweka kwenye stetasi. Kufikia saa tatu usiku, picha ilikuwa kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji. Mama mmoja akaandika kuwa sasa ameelewa kwa nini mtoto wake halali. Mwingine akaapa ameona kitu kikiteleza kwenye ngazi. Kuanzia siku hiyo jina lake likawa Joka.

Nami nikaweka emoji ya kucheka. Sikusema ninamjua. Sikusema hana nyoka. Nilicheka tu, na wiki mbili baadaye landilodi akampa notisi.

Nilipomtafuta kumwomba msamaha, hakunikaripia. Aliniambia tu, "Kuja kazini Jumamosi uone kile mnachocheka." Nikaenda, miguu ikitetemeka. Haya ndiyo niliyotoka nayo, na ningependa nawe uyabebe.

Hatelezi, na ulimi haudungi

Nilitarajia kushika kitu chenye utelezi kama kambale. Wapi! Ngozi ya nyoka ni kavu na laini, karibu kama mkanda mpya wa ngozi. Anang'aa tu, ndiyo maana macho yanatudanganya.

Ule ulimi unaotoka na kurudi nao haudungi mtu. Nyoka hunusa kwa ulimi. Anauchomoa, unaokota harufu hewani, anaurudisha kwenye kiungo maalum kilicho juu ya kaakaa, kisha anajua kama mbele yake kuna panya, nyoka mwenzake au wewe na marashi yako. Na ule mtazamo wa kukukodolea macho, tunaousema ni wa kishetani? Hana kope, buda. Jicho lake limefunikwa na gamba linaloonyesha, kwa hivyo hata akilala anaonekana yuko macho.

Kuhusu zile noti, nimeona kinachoingia na kinachotoka. Kinaingia panya. Kinachotoka hutaki kukijua.

Si wote wana sumu, lakini usijaribu kubahatisha

Kenya ina zaidi ya aina 100 za nyoka. Wanaoweza kumuua mtu ni wachache kati ya hao: koboko, swila, moma na wenzao. Wengi waliobaki hawana sumu, au sumu yao haimdhuru binadamu. Kuna nyoka wa kahawia anayependa kuzunguka nyumba za watu kwa sababu moja tu, panya. Tunammiminia mafuta ya taa na kumpiga mawe, kisha wiki inayofuata tunaenda dukani kununua sumu ya panya.

Chatu naye hana sumu kabisa. Huyu huua kwa kukaza mwili wake. Lakini usimchukulie poa: ana meno, anauma, na chatu mkubwa hashikwi na mtu mmoja, hata awe mtaalamu.

Hapa ndipo vijana wenzangu hupotea. Tukishasikia kuwa nyoka wengi hawana madhara, tunataka selfi na kila tuliyemkuta kwenye nyasi. Hapana. Mimi na wewe hatuwezi kutofautisha wote kwa macho. Ukimwona nyoka, rudi nyuma polepole, mwachie njia, waite wanaojua.

Hakuchukii, na pia hakupendi

Kuna uongo wa upande wa pili, ule wa video za mitandaoni, ambapo msee analala na chatu kitandani na kusema eti wanapendana. Rafiki yangu hucheka akiziona. Nyoka si mbwa. Hatakungoja mlangoni wala hatahuzunika ukisafiri. Akishazoea mikono ya binadamu anatulia, basi. Anajua hutamla na pia wewe si chakula.

Kinachomsumbua zaidi ni joto. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu, anategemea mazingira. Kwa hivyo mfugaji wa kweli ni mtu wa kupima joto, kusafisha maji, kuhakikisha kizimba kimefungwa na kuandika alikula lini, maana nyoka anaweza kukaa wiki nyingi bila kula na awe sawa. Nilitarajia kumkuta mganga. Nilimkuta kijana mwenye daftari.

Na wajua kuna nyoka mwenye jina la nchi yetu anayefugwa Marekani na Ulaya? Ni boa wa mchangani wa Kenya, anayetoka maeneo yetu kame. Ni mnene, mfupi, kwa kawaida hafiki mita moja, hana sumu, na hupenda kujifukia mchangani aache macho na pua tu. Huko ng'ambo huzalishwa vizimbani na wafugaji. Huku kwetu wengi wakimwona wanakimbilia jembe.

Kinyonga, mjusi na mkosi

Si nyoka pekee anayeonewa. Pengine nawe uliambiwa ukimgusa kinyonga utapata mkosi, au kwamba kinyonga hupasuka akizaa na kufa. Aina nyingi za kinyonga hutaga mayai. Yule wa pembe tatu anayepatikana katika nyanda za juu za Kenya huzaa watoto hai, na mama anabaki mzima. Hana sumu. Akifura na kubadilisha rangi, mara nyingi anaogopa kuliko wewe.

Na huyo mjusi kafiri anayezunguka karibu na taa ya sebuleni kwako? Halambi chakula chako akakitia sumu. Anakula mbu na wadudu wengine bila kukudai senti. Ukweli ni kwamba nyumba nyingi za Kenya zinafuga mtambaazi tayari, ila hazijui.

Wala hofu hii si ya Wakenya wote. Kule Nyakach, Kisumu, chatu aitwaye Omieri aliheshimiwa kama dalili ya mvua na mavuno. Mwaka 1987 aliungua katika moto, akapelekwa Nairobi kutibiwa, na alipokufa watu waliomboleza. Kwa hivyo usiniambie kuwa Mwafrika na nyoka ni maadui tangu zamani. Inategemea ulikulia wapi na uliambiwa nini.

Basi nikaokote mmoja?

Usithubutu. Kwa mujibu wa Sheria ya Wanyamapori ya 2013, huwezi kumtoa mnyama porini ukamweka kwako bila kibali cha KWS. Hii si ya chatu tu. Hata yule kobe uliyemwokota shags ukampeleka kwa watoto anaweza kukufikisha kortini. Kobe wetu wa gamba bapa, anayejificha kwenye nyufa za miamba, yuko hatarini kuangamia, na biashara ya kumuuza ng'ambo kama mnyama wa kufugwa imechangia pakubwa.

Ukitaka kuwaona watambaazi, nenda Snake Park, kando ya Makavazi ya Kitaifa ya Nairobi. Pamekuwepo tangu 1961. Ukiwa Pwani, kuna Bio-Ken pale Watamu. Uliza maswali yote ya kijinga. Mimi niliuliza kama nyoka hufyonza maziwa ya ng'ombe, na sikuchekwa. Hafyonzi, mdomo wake hauwezi kazi hiyo.

Vidole viwili

Jioni ile, tukiwa tumeketi nje na chai ya rangi, nilimuuliza rafiki yangu kwa nini alichagua kazi hii. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kuhusu mdogo wake.

Walikuwa kwao Kitui. Kijana alikuwa akiokota kuni magharibi, akaingiza mkono kwenye rundo, moma akamuuma. Moma hana tabia ya kukimbia. Hutulia tu akitegemea rangi yake imfiche. Wazee walifunga mkono kwa mpira, wakamchanja kwa wembe, wakabandika jiwe jeusi linalosemekana hufyonza sumu. Ilikuwa imesemwa kuwa nyoka huyo alitumwa, na nyoka wa kutumwa hatibiwi hospitalini. Walifika hospitali asubuhi. Madaktari waliokoa maisha yake. Vidole viwili havikuokoka.

"Nyoka alimuuma mara moja," akasema. "Sisi tulimuumiza usiku mzima."

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka. Kwa hivyo shika hii: mtu akiumwa, usimchanje, usifyonze, usimfunge mkono au mguu kwa kamba ya kubana, na achana na jiwe. Mvue pete na bangili kabla hajavimba, hakikisha kiungo kilichoumwa hakitikisiki, mtulize, kisha mkimbize hospitali. Dawa ya kukata sumu iko huko.

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sawa, shtuka. Mimi bado nashtuka. Siku hiyo nilimshika boa wa mchangani kwa dakika nne hivi, na jasho lililonitoka lingejaza kikombe. Lakini hofu haikupi ruhusa ya kumwita jirani mchawi, wala ya kumchelewesha mtoto wa mtu hospitalini.

Rafiki yangu alipata keja nyingine upande wa Kayole. Huko hajamwambia mtu anafanya kazi gani. Ile ploti yetu bado ina lile grupu, na wiki jana nimewaandikia haya yote, kuanzia siku ile ya emoji. Wawili wametoka kwenye grupu. Yule mama wa mtoto asiyelala ameniuliza Snake Park hufunguliwa saa ngapi.