Kidole Chako Kinachagua Nini? Mlo kwa Mama Ntilie wa Manila

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawapeleka mbali kidogo, hadi Manila, mji mkuu wa Ufilipino. Tulipofika huko wenyeji wetu walitupeleka kula kwenye "karinderya", yaani mgahawa mdogo wa chakula cha nyumbani. Mtanzania akiuona atasema bila kusita: hapa ni kwa mama ntilie.

Sufuria zimepangwa kwa safu mbele ya wateja, kila moja na mfuniko wake. Mpishi huitwa "Ate", maana yake dada mkubwa. Mteja hutazama, huonyesha chakula kwa kidole, naye Ate hupakua. Ndiyo sababu migahawa hii huitwa pia "turo-turo", neno litokanalo na kuonyesha kwa kidole.

Mmoja wetu ana shinikizo la damu, na daktari amemwonya juu ya chumvi. Kwa hiyo tulijiuliza: je, mtu kama huyu anaweza kushiba hapa bila kujidhuru?

Sufuriani mna nini?

Tulifurahi kukuta vitu tunavyovijua. Kulikuwa na "sinigang", mchuzi mwepesi uliotiwa uchachu wa ukwaju, wenye samaki, figili na mboga za majani. Kulikuwa na "tinola", yaani kuku aliyechemshwa kwa tangawizi na papai bichi. "Pinakbet" ni mchanganyiko wa bamia, bilinganya, boga na karela. Halafu kulikuwa na "munggo", ambazo ni choroko zetu hizi hizi, mara nyingi zikitiwa majani ya mlonge. Wafilipino wengi ni Wakatoliki, na choroko hupikwa sana siku za Ijumaa, hasa wakati wa Kwaresima, waumini waachapo nyama.

Kando yake zilikuwapo "adobo", nyama iliyopikwa kwa siki, kitunguu saumu na sosi ya soya, na nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyokaangwa hadi kukauka. Hiyo ya kukaanga ni tamu, lakini si ya kila siku.

Chumvi iliyojificha

Hatari kubwa kwa mwenzetu haikuwa katika kikopo cha chumvi mezani. Wafilipino hukoleza chakula kwa "patis", maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, na kwa "bagoong", uduvi au samaki wadogo waliochachushwa vivyo hivyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chumvi chini ya gramu 5 kwa siku, yaani isiyojaa hata kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja cha mezani cha patis chaweza kuwa na zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Ongeza sosi ya soya, na haba na haba hujaza kibaba.

Wali bila kikomo

Jambo la pili ni wali. Baadhi ya migahawa ya huko huongeza wali kadiri mteja atakavyo kwa bei ile ile. Mwaka 2017 Seneta Cynthia Villar alisema desturi hiyo ipigwe marufuku, kwa kuhofia ugonjwa wa kisukari. Wananchi walikuja juu, naye akaeleza kwamba alikuwa akitoa wasiwasi wake tu. Wali si adui, bali tatizo ni kipimo. Wataalamu wa lishe wa Ufilipino wana mwongozo uitwao "Pinggang Pinoy", yaani sahani ya Mfilipino. Nusu ya sahani iwe mboga na matunda, wali uchukue kama theluthi moja, na sehemu inayobaki iwe samaki, nyama au maharage.

Mwenzetu alichagua nini?

Alionyesha choroko na sinigang ya samaki, pamoja na kikombe kimoja cha wali. Alikula samaki na mboga, lakini mchuzi aliuonja tu akauacha, maana chumvi nyingi hubaki humo. Bakuli la patis alilisogeza mbali. Alishiba, na Ate hakununa.

Tunawashauri pia mtazame usafi. Chakula kilichopikwa alfajiri kikakaa hadi alasiri bila moto chaweza kuleta kuhara. Chagua sufuria itoayo mvuke, na uwe mwangalifu zaidi na vyakula vya tui la nazi, kwani huchacha upesi.

Ndugu wasomaji, mkifika Manila, au mkisimama mbele ya sufuria za mama ntilie wa mtaani kwenu, fikirini kabla ya kunyoosha kidole. Anzeni na mboga, pimeni wali, na mchuzi wenye chumvi nyingi msiumalize. Kinga ni bora kuliko tiba.