Bakteria wa Mtindi na Watoto Wenye Usonji

Wajukuu zangu wa Ushirombo, sogeeni. Maziwa yakikaa kwenye kibuyu huganda. Nani anayagandisha? Ni bakteria, viumbe hai wadogo mno wasioonekana kwa macho. Wanakula sukari ya maziwa, wanatoa asidi, na maziwa yanachacha. Wapo wanaotufaa tumboni. Hapo Mwanza, mtaa wa Mabatini, kina mama wa kikundi cha Tukwamuane walitengeneza mtindi wenye bakteria maalumu, wakishirikiana na wataalamu wa Kanada.

Sasa tuje kwenye usonji. Mtoto mwenye usonji hakurogwa, wala mama yake hakukosea malezi. Ubongo wake umekua kwa namna yake. Pengine anachelewa kusema, anaziba masikio mashine ya kusaga ikinguruma, au anapanga visoda mstari mmoja asubuhi nzima, na ole wako ukikisogeza kimoja! Wengi wao pia husumbuliwa na tumbo: mara choo kigumu, mara kuharisha. Tumbo na ubongo hupashana habari kupitia mishipa ya fahamu, ndiyo maana wanasayansi wakajiuliza: je, wale bakteria wanaotufaa tumboni wanaweza kuwasaidia watoto hawa?

Kujua si rahisi. Mtoto akinywa mtindi miezi sita akaanza kusema, ni mtindi, au ni umri tu? (Watoto hukua, hata wewe jana ulikuwa unatambaa.) Basi huko Pisa, Italia, watafiti wakachukua watoto 85 wa umri wa chekechea wenye usonji, wakawagawa kwa kura. Kundi moja likapewa unga wenye bakteria, jingine unga wa kufanana nao lakini mtupu. Kwa miezi sita yote, wazazi hawakujua mtoto wao anapewa upi, wala wapimaji hawakujua.

Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Kwa jumla, dalili za usonji hazikutofautiana kati ya makundi hayo. Ajabu ni kwamba, kati ya waliopewa bakteria, wasio na shida ya tumbo ndio walioonesha nafuu fulani ya dalili hizo! Jambo hilo linahitaji kupimwa upya kwa watoto wengi zaidi.

Kwa hiyo mtindi kunyweni, ni chakula kizuri, ila bado haujathibitika kuwa dawa ya usonji. Mtu akija stendi na chupa akiapa inaponya usonji, mwulizeni ameijaribu kwa watoto wangapi. Na mdogo wenu akichelewa kusema, waambieni wazazi wampeleke hospitali mapema.